Flashi kwenye bahasha ya kaki, na neno "mkusanyaji"

Flashi ilifika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa bodaboda, ndani ya bahasha ya kaki iliyozungushiwa selotepu, pamoja na barua ya mistari minne. Barua ilisema kampuni ya mikopo ya simu imeridhia ombi la Dokta, mtafiti wa sheria, inamtakia utafiti mwema na inaomba nakala ya matokeo. Mkataba haukuwepo. Flashi yenyewe haikuwa na neno la siri. Dokta akasaini kwenye daftari la yule kijana, akamlipa nauli, akapanda ofisini kwake na kumbukumbu za mikopo ya watu wa Dar es Salaam mfukoni.

Alinipigia siku mbili baadaye, usiku. Mimi ni wakili, na sehemu ya kazi yangu ni kuwaandikia watafiti mikataba ya kupeana taarifa. Ni kazi ambayo kwa kawaida hunifikia mambo yakiwa yameshaharibika. Ameniruhusu kukieleza kisa hiki. Kampuni sitaitaja, na vitu vichache vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha.

Dokta alimaliza shahada ya uzamivu ya sheria, kisha akapata nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu katika chuo kimoja cha Uholanzi, kwa makubaliano kwamba nusu ya muda ataukaa Dar. Swali lake ni la kugawana taarifa: mwenye taarifa za watu akitakiwa azitoe, amtolee nani, kwa masharti gani, na nani anamsimamia anapozitoa? Ulaya swali hili limeshaandikiwa sheria kadhaa. Ile ya data za vifaa vilivyounganishwa na intaneti na huduma zake ilianza kutumika 12 Septemba 2025. Ile ya huduma za kidijitali, katika kifungu cha 40, inawalazimisha wenye majukwaa makubwa sana kuwafungulia mlango watafiti waliohakikiwa. Ila mlango huo ni wa anayechunguza hatari zilizo ndani ya Umoja wa Ulaya. Ukiwa Kariakoo na unataka kujua mkopaji wa Kariakoo anafanywa nini na simu yake, haukuhusu. Huku kwetu kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, lakini imetungwa kwa kuziangalia zaidi taasisi za umma, na kuibana kampuni ya mikopo kwa sheria hiyo ni kesi ya kuzeekea mahakamani. Mtafiti anabaki na njia moja: kuomba kwa adabu na kusubiri.

Alichagua mikopo ya simu kwa sababu ndiko sheria ilikochelewa kufika. Ile mikopo ya kausha damu tuliyoizoea mtaani, ya mtu na daftari lake, ilihamia kwenye simu, na daftari likawa orodha ya namba zote ulizohifadhi. Ukichelewa kulipa, shemeji yako anapigiwa, bosi wako anatumiwa ujumbe. Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huohuo ikataja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kampuni iliyomtumia Dokta flashi haikuwa miongoni mwa hizo. Ina leseni, ina wakili, na imejisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nalisema hili mapema kwa sababu ni rahisi kudhani mambo haya hufanywa na wahuni tu.

Dokta alikuwa ameomba vitu vitano: tarehe ya mkopo, kiasi, siku za kuchelewa, idadi ya vikumbusho, na kama deni lilimalizika. Majina na namba za simu aliomba viondolewe, na kweli viliondolewa. Lakini kijana wa mifumo wa kampuni, kwa moyo mzuri kabisa, aliongeza alichoona kitamfaa mgeni: umri, jinsia, kata, saa ya muamala, wakala zilikotolewa fedha, na safu moja ya mwisho yenye kichwa "Maelezo".

Hapo kwenye "Maelezo" ndipo wapiga simu wa kampuni wanapoandika walichoambiwa. "Kapokea mume, hana habari za mkopo." "Yuko msibani Tandahimba, apigiwe wiki ijayo." "Kaka mtu anasema ameachishwa kazi." Jina halimo, namba haimo, maisha ya mtu yamo yote. Kwenye mstari wa ishirini na kitu Dokta akakuta mwanamke, umri wake, kata ya jirani na chuo, wakala wa jirani na hosteli, na maneno haya: "anauza chapati getini, asubuhi ndiyo anapatikana". Mama huyo Dokta hununua chapati kwake. Anajua watoto wake wanasoma wapi. Sasa alijua pia anadaiwa kiasi gani, amechelewa siku ngapi, na kwamba nyumbani kwake deni hilo halijulikani.

Akafunga kompyuta. Aliniambia wiki ile nzima alikuwa akipita geti la pili.

Wataalamu wa takwimu wasingeshangaa. Mwaka 2015 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichukua miamala ya kadi ya miezi mitatu ya watu milioni 1.1, isiyo na majina, wakaonyesha kwamba ukijua mahali na siku ya manunuzi manne tu ya mtu, watu tisini kati ya mia unaweza kuwachomoa mmoja mmoja kutoka kwenye rundo. Wao walihitaji hesabu. Kwa Dokta ilitosha kupenda chapati.

Tulikwenda Mikocheni, kwenye ofisi za kampuni. Wakili wao alitupokea vizuri, chai na vitumbua, kisha akalimaliza jambo kabla halijaanza.

"Wakili msomi," aliniambia, "tusisumbuane. Sisi ndio tuliokusanya, kwa hiyo mkusanyaji ni sisi. Dokta hajakusanya chochote, amepokea tu. Majina tumeshayatoa. Sasa shida iko wapi?"

Nilimgeukia Dokta nikitegemea atacheka. Hakucheka. Kwenye fomu yake ya maadili ya utafiti, palipoulizwa kama yeye ni mkusanyaji wa taarifa binafsi, alikuwa amejaza "Hapana", kwa sababu hakuwa na mpango wa kumhoji mtu. Na huyu ni mtu ambaye kwa Kiingereza angeweza kuamshwa usiku wa manane akakueleza maana ya kisheria ya neno hilo bila kupepesa.

Kwa maoni yangu kisa chote kimejificha kwenye neno hilo, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, imetungwa kwa Kiswahili, matunda ya mabadiliko ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu. Najivunia hilo na sitaki lirudi nyuma. Ila "mkusanyaji" amebebeshwa mzigo usio wake. Ukisoma tafsiri ya maneno ndani ya sheria yenyewe, mkusanyaji ni yule anayeamua, peke yake au pamoja na wengine, taarifa zichakatwe kwa madhumuni gani na kwa njia gani. Kuzikusanya kwa mkono wake si sharti. Kiingereza kimechukua neno la mwenye usukani, "controller". Kifaransa kimechukua neno la mwenye kuwajibika. Sisi tumechukua neno la mwenye kikapu, na mwenye kikapu kila mtu anamjua: ni yule aliyekwenda shamba.

Ukiisoma sheria kwa tafsiri yake badala ya kwa sikio, mambo yanageuka. Kampuni ni mkusanyaji wa taarifa kwa ajili ya kukopesha na kudai. Siku Dokta alipoamua kwamba taarifa hizohizo zijibu swali la utafiti, na akachagua safu anazozitaka, yalizaliwa madhumuni mapya, na mwenye madhumuni hayo hakuwa kampuni. Alikuwa yeye, au tuseme chuo kilichomwajiri. Mama chapati alikopa ili anunue unga. Hakuna mahali alipoambiwa kwamba kukopa huko kutamwingiza kwenye mradi wa sheria.

Wakili wa kampuni ni mwepesi. Akaniwahi na ruhusa ya utafiti: sheria inakubali taarifa zitumike kwa takwimu na utafiti. Kweli inakubali, mradi kitakachochapishwa kisimtambulishe mtu. Nikamjibu kwamba ruhusa ya kutumia haijawahi kuwa ruhusa ya kutuma kwa bodaboda. Hapo vitumbua vikaanza kupoa.

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo ningelipita haraka kama lisingekuwa linawakamata watafiti wengi wanaofanya kazi kati ya nchi mbili. Chuo mwenyeji kilikuwa na fomu yake, iliyouliza kama mradi unagusa taarifa za kundi maalumu. Dokta alijaza "Hapana", na kwa sheria ya Ulaya hakukosea: kifungu cha 9 cha kanuni yao ya 2016 ya kulinda taarifa binafsi (GDPR) kinataja afya, dini, siasa, asili ya mtu, chama cha wafanyakazi, vinasaba, alama za mwili na mambo ya chumbani. Fedha haimo. Kwetu imo. Sheria ya Tanzania imeiweka miamala ya fedha ya mtu kwenye taarifa nyeti, sambamba na taarifa za watoto na za makosa, na taarifa nyeti kwa kawaida hutaka ridhaa ya maandishi ya mhusika. Bunge letu lilipatia. Hapa deni la elfu arobaini linaweza kuvunja ndoa, na safu ya "Maelezo" ilikuwa imejaa ndoa za aina hiyo. Lakini faili lilelile moja, kwa fomu ya kule lilikuwa la kawaida na kwa sheria ya hapa nyeti kupita yote, na mtu aliyejaza fomu zote mbili ni yuleyule.

Hayo yangerekebishika kwa karatasi. Lisilorekebishika lilikuwa limeshatokea usiku wa kwanza.

Kabla ya kulifungua faili, Dokta alilinakili kutoka kwenye flashi na kuliweka kwenye eneokazi la kompyuta yake. Kompyuta ni ya chuo cha Uholanzi, na imepangwa kunakili kila kinachowekwa hapo kwenda kwenye seva za chuo, bila kumuuliza mtu. Ni mpango mzuri, umewaokoa watafiti wengi waliomwagia chai kompyuta zao. Rekodi ya mfumo ilionyesha faili limemaliza kupanda saa tano na dakika kumi na saba usiku. Alipoifunga kompyuta kwa aibu, mama wa watu alikuwa ameshafika Ulaya.

Vifungu vya 31 na 32 vya sheria yetu ndivyo vinavyosimamia taarifa kutoka nje ya mipaka, na kanuni za 2023 zinataka kibali cha Tume. Kibali hatukuwa nacho, wala hakuna aliyekuwa amewaza kukiomba, maana vichwani mwetu sote kusafirisha ni kitendo: mtu anaamua, anafunga mzigo, anatuma. Hapa hakuna aliyeamua lolote. Ilitosha kuwa na intaneti nzuri usiku.

Na likishafika kule, mambo yanakuwa ya ajabu kidogo. Kanuni ileile ya Ulaya, kifungu cha 3, inaangalia taasisi inayochakata iko wapi. Mhusika ni wa wapi haina haja ya kujua. Kwa hiyo mama chapati alianza kulindwa na sheria ya Ulaya sawasawa na mkazi wa Amsterdam. Wakili wa kampuni alipoandika kudai faili lirudishwe "kama lilivyotoka", ofisa wa ulinzi wa taarifa wa kule alimjibu kwa upole kwamba kulituma kwa kampuni iliyoko Dar es Salaam ni kusafirisha taarifa nje ya Umoja wa Ulaya, kwamba Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Ulaya imezitambua kuwa na ulinzi wa kutosha, na kwamba ingebidi kampuni isaini masharti ya kawaida ya mkataba ambayo Ulaya iliyatoa Juni 2021. Taarifa za watu wa Dar zilikuwa zimetoka Dar bila kibali, na sasa zinahitaji karatasi kurudi nyumbani. Dokta alicheka kwa mara ya kwanza tangu nianze kushughulika naye. Alisema sura ya tatu ya utafiti wake imejiandika yenyewe.

Suluhisho la hapo lilikuwa kufuta, wala si kurudisha. Kampuni nakala yake inayo. Kufuta nako si kubonyeza. Nakala za akiba za kule hukaa siku thelathini kabla hazijafutika, na kwa siku hizo thelathini faili liliwekewa kufuli ambayo hata Dokta hakuwa na ufunguo wake. Wenzetu wana saa 72, tangu wajue, za kumwarifu msimamizi wao pale taarifa zinapovuja na kuna hatari kwa wahusika. Sheria yetu nayo inamtaka mkusanyaji aiarifu Tume, ile iliyozinduliwa na Rais Samia 3 Aprili 2024. Na hapo likarudi neno letu: mkusanyaji yupi? Kampuni ilisema faili limevujia kwa Dokta. Dokta alisema lilikuwa limeshavuja tangu lilipopanda bodaboda. Niliwaambia wote wawili wana haki na kwamba zitakwenda barua mbili. Zikaenda mbili, siku moja, na zote zikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Aliyelitegua fumbo la utafiti wenyewe hakuwa wakili. Ni yule kijana wa mifumo, ambaye katika vikao vyote hakuna aliyemuuliza kitu isipokuwa kama printa inafanya kazi. Siku moja alitusindikiza kwenye gari, akamsalimia Dokta upya shikamoo kana kwamba ndiyo wanaonana, kisha akasema: "Samahani Dokta, kwani unachotaka ni faili au ni majibu?"

Majibu. Basi faili likae Mikocheni, Dokta aandike maswali yake kwa lugha ya kompyuta, kijana ayapitishe kwenye kumbukumbu, na kitakachotoka nje kiwe jedwali. Ufini wana sheria ya 2019 inayopanga hivyo kwa taarifa za afya: mtafiti huingia kwenye mazingira yaliyofungwa, hufanya kazi humo, hutoka na hesabu. Hata jirani zetu wa ng'ambo ya bahari wamewahi kunufaika na kumbukumbu za simu bila kujua simu ni za nani. Utafiti uliochapishwa 2009 ulitumia kumbukumbu za Zantel za miezi mitatu kukadiria safari za wakazi wa Zanzibar na malaria inayorudi nao. Kilichotakiwa kilikuwa idadi ya safari. Jina la msafiri lisingeongeza kitu.

Mkataba niliouandika ulikuwa na kurasa sita, na ninaoujali ni ukurasa wa pili. Unasema kwa maneno ya kawaida kwamba kampuni ndiyo inayoamua kuhusu kukopesha, chuo ndicho kinachoamua kuhusu utafiti, na kila mmoja anajibu kwa alichokiamua, awe amekusanya au hajakusanya. Jedwali lolote lenye kundi la watu chini ya kumi halitoki. Dokta alitaka kata zibaki. Nilikataa, tukagombana, tukaishia kwenye wilaya. Bado anaamini nilikuwa mwoga.

Ugomvi wetu mkubwa zaidi ulihusu "Maelezo". Fikiria: mtu anatafiti jinsi wakopeshaji wanavyotumia taarifa za watu ambao hawajakopa, halafu anaangukiwa na safu nzima ya ushahidi kwamba kampuni yenye leseni na usajili inaandika habari za waume, kaka na mabosi ambao hawajawahi kuisikia hata kwa jina. Hakuna utafiti wa maktaba utakaokupa hilo. Dokta alitaka alitaje angalau kwa sentensi moja: kwamba safu ya namna hiyo ipo. Nilimwambia alichokiona amekiona kwa mlango usiofaa, na kwamba akikiandika, kampuni nyingine zote za mjini zitajifunza somo moja tu, nalo ni kutompa mtafiti kitu tena. Akanijibu kwamba hiyo ni hoja ya wakili wa kampuni. Alikuwa na haki kidogo. Nilipokuwa naisema niliisikia sauti ya yule bwana wa vitumbua.

Mwishoni tulikubaliana kitu ambacho hakuna kati yetu anayekipenda sana. Maandishi ya safu ile hayatumiki, hata kwa kufichwa. Kama jambo lipo, lipo pia kwenye vinywa vya watu, na vinywa vina ridhaa. Dokta akapata kibali kipya cha maadili, akaandika fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, akaanza kuzunguka Mbagala, Manzese na Kariakoo kuuliza wakopaji na ndugu zao wamewahi kupigiwa simu gani. Mama wa getini hakumhoji. Alisema hawezi kumuuliza mtu swali ambalo jibu lake analo, kisha ajifanye anaandika. Kuhusu kuipelekea Tume malalamiko juu ya safu yenyewe, achilia mbali kuvuja, hatujaafikiana mpaka leo. Yeye anasema barua mbili zinatosha kumfungua macho msimamizi makini. Mimi naona barua hizo ziliandikwa na watu waliokuwa wanajitetea.

Nilimsindikiza siku moja Mbagala Rangi Tatu. Mhojiwa wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, aliyewahi kukopa kwenye programu tatu kwa wakati mmoja. Aliisoma fomu taratibu, kidole kikifuata mstari, mpaka alipofika pale palipoandikwa kwamba mkusanyaji atazitunza taarifa zake kwa miaka mitano. Akainua uso.

"Mwanangu, huyu mkusanyaji ndiye yule anayenipigiaga simu kunidai?"

"Hapana," Dokta alimwambia, "mkusanyaji ni mimi." Mama akamtazama, akaisogeza fomu mbali kidogo na cherehani. Dokta akaomba kalamu yangu, akalikata neno lile kwenye kila ukurasa, na juu yake akaandika jina lake na namba ya ofisi yake ya Mlimani.